Nilivyokuwa namwambia Mungu "ndiyo" kila saa sita mchana huku nauza bati feki (uzi mrefu, vumilieni)

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Tumsifu Yesu Kristo kwa wale wa kwetu, na wengine Bwana asifiwe. Mi sio mwandishi, naandikia kwenye simu yenye kioo kimepasuka, mkikuta herufi zimeruka mnivumilie.

Nafanya biashara ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, simenti, misumari, nondo, mabati, rangi. Duka halipo mbali na parokia, kengele ya saa sita mchana naisikia vizuri kabisa, na mimi nimelelewa na mama ambaye kengele ikilia anaacha mwiko kwenye sufuria anasali Malaika wa Bwana, kwa iyo mazoea yamenikaa. Naweza nikawa nampimia mtu misumari ya inchi nne huku midomo inatembea, "ndimi mtumishi wa Bwana, nitendewe ulivyonena", mkono uko kwenye mizani. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza ata siku moja nitendewe nini.

Sasa wasiojua biashara hii niwaeleze kidogo. Bati linaenda kwa geji, na namba ikiwa kubwa ndo bati jembamba. Geji 28 inakaribia milimita 0.4, geji 30 iko kwenye 0.3 hivi. Kwa macho huoni tofauti, kwa mkono labda uwe umebeba mabati mengi maishani. Kwa iyo kuna mzigo unakuja umegongwa muhuri wa 28 na mwenyewe ni 30. Nondo nazo ni hivohivo, unaambiwa mm 12, lakini mm 12 ya kweli yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo kama 10.6, ukiipandisha kwenye mizani ikasoma 9 ujue ushapigwa. Mi nilikuwa nayajua yote haya. Aliyeniletea mzigo ata hakunidanganya, aliniambia hii ni 30 imegongwa 28, utaiuzaje ni wewe na mteja wako. Na kila duka mtaani lilikuwa nayo, sasa ukileta ya kweli peke yako bei yako inakuwa juu, fundi anampeleka mteja kwa jirani.

Kwenye jumuiya yetu nilikuwa mhazini. Kuna bibi mmoja mjane anaishi na wajukuu watatu, paa lake lilikuwa limeoza, mvua ikinyesha wanahamisha vitanda usiku. Jumuiya ikachanga, wengine buku mbili, wengine elfu kumi, mmoja alitoa kuku akauzwa. Hela iko kwangu, wanajumuiya wakasema sasa mhazini ana duka tuzunguke wapi, toa bati kwako. Nikatoa bati 34 zimeandikwa 28. Nikawapunguzia na bei kidogo, wakanipigia makofi. Nikaona ata nimefanya jambo jema.

Ikafika Jumamosi, tarehe 25 Machi 2023, nakumbuka kwa sababu ilikuwa sikukuu ya Kupashwa Habari imeangukia siku yetu ya jumuiya, na zamu ya kukutana ilikuwa kwa huyo bibi. Tumekaa kwenye mikeka asubuhi, dada mmoja anasoma Injili ya Luka, malaika anaingia kwa Maria, mvua ikashuka. Mnajua mvua ya masika. Bati zikaanza kulia, na bati jembamba lina mlio wake bana, linalia kama mtu anamwaga changarawe kwenye sinia. Msomaji akapandisha sauti, mwisho akawa anapiga kelele kabisa "NA IWE KWANGU KAMA ULIVYOSEMA", watu wanacheka, wanasema mvua ya baraka hiyo. Mi peke yangu mule ndani ndo nilijua kwa nini inapiga kelele vile.

Halafu kwenye kushirikishana neno yule bibi akasema kitu kidogo tu. Akasema, "Mimi nampendea Maria kitu kimoja, alikubali akiwa peke yake ndani, hapakuwa na mtu wa kumwona." Akanyamaza, akamwambia mjukuu alete chai.

Chai ilinishinda wakuu.

Nisiwadanganye kwamba nilisimama palepale nikatubu. Nilikaa zaidi ya mwezi. Kila saa sita kengele ikilia nikawa nakwama, nafika "ndimi mtumishi wa Bwana" sentensi inayofuata haitoki. Nikawa naondoka dukani saa sita kasoro naenda kula mbali ili nisiisikie. Mtu mzima nakimbia kengele.

Ntaendelea, kuna mteja.

#2

Nimeweka kigoda. Endelea mkuu.

#3

Mkuu mbona unajitesa bure. Biashara ni biashara, huyo bibi kabla ya bati zako alikuwa analowa, sasa halowi. Mungu anaangalia moyo. Kwani hizo geji 30 hazizuii mvua?

#4

#3 zinazuia mvua, ila walilipia 28. Ukienda buchani ukalipia kilo ukapewa robo tatu utasema Mungu anaangalia moyo wa muuza nyama?

#5

Bwana asifiwe wapendwa. Mi naomba nilete upande mwingine, mana hizi mada za kusema ndiyo kwa Mungu zinanipa uchungu kidogo. Mimi ni Mlutheri, huku Kilimanjaro. Kuanzia 2015 nilikuwa mtu wa ndiyo. Kwaya ndiyo, kamati ya ujenzi ndiyo, mapambo ya kanisa ndiyo, kupika semina ikija ndiyo, kadi ya ahadi najaza kiasi ambacho mume wangu akikiona anakaa kimya. Kila mtu ananisifu, mama huyu ana moyo. Nyumbani mtoto wangu wa darasa la pili alikuwa anakula ugali wa jana kwa jirani. Siku moja mwalimu wake akaniita akaniuliza mama wewe unafanya kazi mkoa gani, mana mtoto anasema mama hayupo. Na nilikuwa nalala nyumba moja naye!!

Nilimwendea mchungaji nikamwambia najitoa kwenye vitu vitatu nabaki na kwaya tu. Akanionyesha kwamba nimerudi nyuma kiroho. Nililia njia nzima. Lakini nikikumbuka Yesu alivyowasema wale wa Korbani, Marko 7, mtu anawanyima wazazi wake msaada halafu anasema nimeshamtolea Mungu, naona ile hapana yangu kwa mchungaji ndo ilikuwa ndiyo ya kwanza ya kweli nimewahi kumpa Mungu. Nyingine zote nilikuwa naogopa watu watasemaje.

Sisemi mleta uzi umekosea, nasema tu watu wakisikia "mwambie Mungu ndiyo" wanaelewa "mkubalie kila kiongozi wa kanisa".

#6

#5 umenena dada. Pole na huyo mtoto, sa hivi anaendeleaje?

#7

Swali kwa wote, naomba nijibiwe kistaarabu. Mnajuaje ni Mungu anawaambia na sio mawazo yenu tu? Mana mi nina rafiki aliacha kazi benki kwa sababu "Mungu amesema", sa hivi anakopa nauli kwangu na Mungu hajasema tena.

#8 (mleta uzi)

Nimerudi. #7 swali zuri. Ata Samweli hakujua. Aliitwa akadhani ni mzee Eli, akakimbia kwa Eli, karudishwa kalale, mara tatu nzima, mpaka yule mzee ndo akashtuka akamfundisha cha kujibu. Na Eli mwenyewe nyumbani kwake palikuwa pameharibika, watoto wake walikuwa wanakwapua nyama za sadaka, lakini sikio alikuwa nalo. Kwa iyo mi nadhani mtu akisema Mungu kaniambia niache kazi aende kwanza kwa Eli wake, mtu mzima asiyemwogopa. Kwa upande wangu sikusikia sauti yoyote mkuu. Nilisikia bati.

#3 nimekusoma, hayo maneno yako nilijiambia mwenyewe mwezi mzima, tena wewe umeyasema kwa kifupi.

Tuendelee. Ilikuwa mwezi wa tano mwanzoni. Nikaenda kwa yule bibi jioni peke yangu, nimebeba sukari kilo mbili, sijui nilidhani sukari itasaidia nini. Nikamweleza, bibi zile bati sio 28, ni 30, nilijua, na tofauti ya bei imekaa mfukoni kwangu. Nilikuwa nategemea atalia, au ataniambia mwanangu nimekusamehe nenda kwa amani. Bibi akaangalia juu kwenye paa, akaniangalia mimi, akasema, "Kumbe ndo mana nikisali rozari mvua ikinyesha sijisikii ata mwenyewe."

Halafu akaniambia, "Lakini sikuchanga mimi. Waliochanga ni jumuiya. Mimi nikusamehe hela ya watu?"

Ndugu zangu, hapo ndo nilielewa nilikuwa nimeenda kutafuta ndiyo ya bei rahisi. Nilitaka niungame mahali pa kificho, nimalize, nirudi dukani na uhazini wangu. Jumamosi iliyofuata nilisema mbele ya wote. Watu 23, nilihesabu wakati natafuta pa kuangalia. Yule aliyetoa kuku hakunijibu salamu mpaka Krismasi. Mwenyekiti akaitisha kikao, nikavuliwa uhazini siku hiyohiyo, daftari likaenda kwa mama mmoja mwalimu na haki yao kabisa. Bati nikabadilisha zote 34 kwa gharama yangu, fundi nikamlipa mara mbili, kupaua na kupaua tena.

Mnaosubiri niseme baada ya hapo Mungu akanibariki mara saba, bado jamani. Nilianza kuandika kwa mkaa geji ya kweli kwenye kila bati. Mafundi waliokuwa wananiletea wateja wakaona siwapi cha juu kama zamani, wakahama. Mauzo yalishuka mpaka nikapunguza kijana mmoja, na huyo kijana hana kosa lolote, hilo linaniuma mpaka leo na sina jibu lake. Sa hivi duka linapumua, basi.

#9

Mwanzoni nilitaka kukutukana mkuu. Basi nimeghairi.

#10

Hii imenikumbusha mfano wa wale watoto wawili, Mathayo 21. Baba anamwambia wa kwanza nenda shambani, anajibu sitaki, baadae anaenda. Wa pili anajibu naenda bwana, haendi. Nimefundisha Sunday School miaka, ukiwauliza watoto nani alifanya alilotaka baba wanajibu haraka wa kwanza. Ukiwauliza sasa wewe ni yupi, wote ni wa kwanza. Mi mwenyewe ni wa pili, na sauti nzuri ya "naenda bwana" ninayo, ninaongoza sifa.

#11

Yambo bandugu. Miye niko wa Goma, Kiswahili yetu mutavumilia. Hii mambo ya bati inanikumbusha Floribert Bwana Chui. Alikuwa kijana wa hapa kwetu, alikuwa anatumika mu ofisi ya serikali yenye inachunguza bidhaa ku mupaka. Balileta muchele ya kuoza, balitaka aiache ipite ikauziwe batu. Balimupatia franga, akakatala. Balimusumbua, akakatala tena. Alisema mukristu hawezi kuweka maisha ya batu mu hatari juu ya franga. Mwezi wa saba 2007 balimukamata, balimutesa, balimuua. Alikuwa na miaka 26 tu. Alikuwa mu jumuiya ya Sant'Egidio, ile kikundi ya Bakatolika, alikuwa anapenda sana bale batoto ba mu barabara, maibobo.

Tarehe 15/6/2025 balimutangaza mwenye heri kule Roma. Mama yangu anauzisha muchele ku soko. Ile siku alifungua gunia, akanusa, akaniambia huyu njo mutakatifu wetu sisi ba muchele.

#12

#11 asante sana ndugu wa Goma, mi nilikuwa simjui huyu kabisa. Watakatifu tunaofundishwaga wengi wameliwa na simba, mtu unaona hainihusu, simba huku hatuna. Kumbe kuna wa mpakani na karatasi za mzigo.

#13

Naomba na mimi niseme, japo langu halijaisha vizuri. Natokea Usukumani. Mwaka juzi kaka yetu alifariki ghafla, akiwa mzima kabisa asubuhi. Baada ya matanga ukoo ukakaa, ikaamuliwa kila mtu atoe elfu ishirini twende kwa mganga tujue nani kamuua. Nikasema sitoi. Sikuwa na hotuba, nilisema tu mimi nimebatizwa, sitoi. Baba mdogo akaniuliza kwa nini unaogopa mganga asiseme? Kwa iyo kwenye macho yao mchawi ndo nikawa mimi. Mpaka leo nikienda msibani chakula napewa pembeni.

Padre wetu ndo alinisimulia habari za Benedict Daswa wa Limpopo, Afrika Kusini. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu wa mpira na bustani ya mboga, tena wanaume walikuwa wanamcheka kwa sababu anamsaidia mke wake kazi za nyumbani. Radi zikapiga kijijini, wakaamua kila mtu atoe randi 5 ya kumlipa mganga amtaje mchawi. Akakataa. Tarehe 2 Februari 1990 wakaziba barabara kwa magogo, wakampiga kwa mawe na rungu mpaka kufa. Mwaka 2015 katangazwa mwenye heri. Randi 5 jamani. Angeweza kutoa akaenda nyumbani kula. Mi nikiwa nimekaa pembeni na sahani yangu msibani huwa namkumbuka huyo mwalimu, njaa inapungua kidogo.

#14

Pole sana #13. Na usikubali kula peke yako, hama na sahani yako kaa katikati yao.

#15

Tatizo la uzi huu ni kwamba kila "ndiyo" humu inaishia kwenye "hapana" kwa binadamu. #5 kamkatalia mchungaji, mleta uzi kaukatalia mzigo feki, yule kijana wa Goma kakatalia rushwa, #13 kakatalia ukoo. Hakuna aliyesema ndiyo ikawa raha tu?

#16

#15 nipo mimi. Ni nesi, nafanya zamu za usiku kwenye zahanati. Saa tisa usiku mgonjwa akiita kwa mara ya sita na unajua kabisa anaita kwa sababu anaogopa giza tu, hana maumivu. Mwanzoni nilikuwa naenda nimenuna. Siku moja nikajaribu kabla sijanyanyuka kwenye kiti nasema kimoyomoyo "kwa neno lako nitazishusha nyavu", lile la Simoni, amechoka usiku kucha hajapata kitu na bado anaambiwa ashushe. Basi nanyanyuka. Samaki hawajajaa wala nini, ila siku hizi sinuni, na kuna mzee mmoja tulikaa naye tukapiga stori za Ziwa Rukwa mpaka kukapambazuka. Ile ilikuwa raha tupu. Miguu iliuma lakini.

#17

#16 ubarikiwe nesi. Mlio kama nyie ni wachache, kuna mahali nilipelekwa nikaambiwa acha kelele watu wamelala.

#18 (mleta uzi)

Wakuu nimesoma yote, sikutegemea uzi utafika huku. #15 hoja yako ni ya kweli na nimeiwaza jana usiku. Mi nadhani siku ile hapana ilikuja kwanza kwa sababu tulikuwa tumeshasema ndiyo nyingi sehemu nyingine bila kujua. Mi nilikuwa nimeshamwambia ndiyo msambazaji wangu, ndiyo fundi, ndiyo jirani mwenye duka kwamba tutauza hivihivi. Zilikuwa zimejaa, hakuna nafasi ya nyingine.

Na raha ipo, nisiseme haipo. Kengele ya saa sita nimerudi kuisikia. Sentensi inatoka yote, ingawa naisema polepole kuliko zamani, na nikiwa kwenye mizani naacha kwanza mkono.

Kitu kingine kilichonichekesha, mwezi uliopita jumuiya ilikuwa kwa bibi tena na mvua ikanyesha. Bado bati zinalia. 28 nayo inalia jamani, mvua ya Mwanza haina mchezo. Bibi akaniangalia, nikamwambia bibi naapa hizi ni zenyewe. Akasema, "Najua, nilimwita mjukuu wangu anayesoma ufundi akazipima."

#19

Hahahaaaa bibi hana imani za kijinga.

#20

Uzi mzuri. Mkuu mleta uzi, nina nyumba nataka kupaua mwezi ujao, bati kama 60 geji 28 ya kweli. Duka liko wapi, weka namba.

#21 (mleta uzi)

#20 namba siweki humu mkuu, sitaki ionekane nilileta uzi kutafuta wateja. We nenda duka lolote la karibu, ila chukua fundi mwenye kipimo cha unene, na usikubali apime ukingoni, apime sehemu tatu tofauti. Nondo panda nazo kwenye mizani. Muuzaji akikasirika, toka nje nenda la pili.